Muhasaba ya Moyo: Kuzitambua Hisia Zetu Kabla Hazijatutawala



Mtu akiumwa na jino hujua aumwa wapi. Hutia kidole kinywani akamwonyesha tabibu, na tabibu akaanza kazi yake. Lakini mtu aumwaye na moyo, mara nyingi hajui hata jina la maradhi yake. Utamsikia akisema, "Mwili mzito," au "Nina mawazo," na ukimwuliza ni mawazo gani, hana jibu. Hasira huiita uchovu, huzuni huiita homa, na hofu huiita bidii ya kazi. Basi dawa itapataje njia, iwapo mgonjwa mwenyewe hajui kimwumacho?

Napenda kuzungumza nanyi juu ya tiba ya nafsi, yaani tiba ifanywayo kwa mazungumzo baina ya mgonjwa na mtu aliyefundishwa kazi hiyo, bila ya kidonge wala sindano. Ndani ya tiba hiyo nimechagua sehemu moja tu, nayo ni kuzichungua hisia: kuzitambua, kuzipa majina yake, na kutafuta zimetoka wapi. Nimeichagua sehemu hii kwa kuwa ndiyo iliyo karibu zaidi na majumba yetu, na kwa kuwa ndiyo tunayoikimbia zaidi.

JAMBO LA KALE KWETU

Asidhani msomaji kwamba habari hii imezuka Ulaya. Wazee wetu katika dini wanalo neno lake, nalo ni muhasaba, maana yake kuhesabiana. Mfanyabiashara mwema hafungi duka lake jioni asijue kilichoingia na kilichotoka. Na Sayyidna Omar (r.a.) aliwausia watu wajihesabu nafsi zao wenyewe kabla hawajahesabiwa na Mola wao.

Alikuwako Baghdad mwanachuoni mzaliwa wa Basra, al-Harith, aliyefariki mwaka 857, ambaye kwa wingi wa kujichungua aliitwa al-Muhasibi, na kwa jina hilo ndilo ajulikanalo mpaka leo. Hakutosheka kutazama matendo ya mikono na miguu. Alitazama kilicho nyuma ya matendo: je, sadaka hii imetolewa kwa mapenzi ya Mungu, au kwa kupenda kusifiwa?

Baada yake akaja Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, mtu wa Balkh katika nchi iitwayo leo Afghanistan. Huyu alitunga kitabu juu ya manufaa ya miili na nafsi, na katika sehemu ya nafsi aliyagawa maradhi yake mafungu mafungu: hasira, hofu, huzuni na wasiwasi. Tena huzuni aliigawa namna mbili: huzuni ambayo sababu yake yajulikana, kama kufiwa au kupotewa na mali, na huzuni imjiayo mtu asijue imetoka wapi, ambayo aliona asili yake imo mwilini. Akawanasihi watu wajiwekee akibani mawazo mema siku za uzima, kama mtu awekavyo dawa nyumbani kabla ya kuugua, ili wayakute tayari siku ya dhiki. Kitabu hiki kilisahauliwa na wengi, mpaka msomi wa Sudan, Profesa Malik Badri, aliyefariki mwaka 2021, alipoitoa sehemu ya nafsi kwa lugha ya Kiingereza mwaka 2013.

Na Imamu Ghazali je? Mwaka 1095, alipokuwa mwalimu mkuu wa chuo cha Nizamiyya Baghdad, mwenye sifa na mamia ya wanafunzi, ulimi wake ulikataa kusomesha. Chakula kikawa hakimpiti kooni. Matabibu wakamtazama wakasema kwamba ugonjwa umeanza moyoni, na ya kuwa mwili haupati dawa mpaka moyo upate raha. Yeye mwenyewe ameandika kwamba alipoichungua nia yake katika kusomesha, aliona haikuwa safi kwa ajili ya Mungu, bali ilichanganyika na kutaka jina na cheo. Tazameni, basi: mwanachuoni mkubwa kama huyo, na bado alihitaji kuuliza moyo wake habari zake.

WAFANYAVYO WATABIBU WA NAFSI

Katika siku zetu elimu hii imekuwa kazi ya watu maalumu. Mwaka 1895 Sigmund Freud na mwenziwe Josef Breuer, matabibu wa mji wa Vienna, walichapisha kitabu juu ya wagonjwa waliopata nafuu kwa kuyasema yaliyowaelemea. Mengi aliyoyasema Freud baadaye yamepingwa, na mengine hayapatani na dini yetu. Lakini hilo moja, ya kwamba jambo lisilosemwa laweza kuukalia mwili, limebaki.

Baadaye, katika miaka ya 1960, Aaron Beck wa Philadelphia, Marekani, aliona jambo jingine. Wagonjwa wake wenye huzuni nyingi walikuwa na wazo fupi lipitalo upesi akilini kabla tu ya huzuni kuwashika; wazo kama, "Mimi si kitu," au "Hakuna anitakaye." Hawakuliona wazo hilo mpaka walipofundishwa kulivizia. Hapo ndipo faida ya kuchungua hisia ionekanapo. Hisia ni kama moshi, haiwi bure. Ukiufuata moshi utafika kwenye moto.

Sisi tukaao Mabogini twaweza kulifahamu jambo hili kwa mfano wa mashamba yetu. Maji ya mpunga wa Lower Moshi yatoka mito ya Rau na Njoro, yakapita katika mifereji hata yakafika majarubani. Mtu akikuta jaruba lake limekauka, au limefurika mpaka tuta limebomoka, hasimami pale pale akaligombeza jaruba. Hushika jembe lake akaufuata mfereji kurudi juu, mpaka aone mahali palipozibwa au palipokatwa. Ndivyo afanyavyo tabibu wa nafsi pamoja na mgonjwa wake. Humwuliza: Wasikia nini hivi sasa? Wakisikia wapi, kifuani, tumboni, au kichwani? Kwa kadiri gani, kidogo au kingi? Kilianza lini, na kabla yake palitokea nini? Na wakati huo uliambia nini nafsi yako? Kwa maswali hayo wawili hao huufuata mfereji pole pole.

MAYATIMA WA MOSHI

Sasa nitaeleza habari iliyotokea karibu nasi, ambayo kwa maoni yangu kila nyumba ya Kilimanjaro yafaa iijue.

Maradhi ya UKIMWI na mengineyo yaliacha mayatima wengi katika mkoa wetu. Watafiti wa hapa Moshi, wakiwa pamoja na wenzao wa Marekani, walikusanya watoto 64 waliofiwa na wazazi, wakawapa tiba ya mazungumzo iliyotungwa kwa ajili ya watoto waliopatwa na misiba mizito. Habari zake zilichapishwa mwaka 2014. Watoto walikutana kwa makundi, mara 12, na walezi wao nao wakawa na makundi yao. Na waliowaongoza hawakuwa madaktari wa hospitali, bali watu wa kawaida wa hapa hapa waliofundishwa kazi hiyo na kusimamiwa.

Walifundishwa nini? Kwanza walielezwa kwamba yawapatayo, kama vile kuota ndoto mbaya, kushtuka, na kukimbia kila kimkumbushacho mtu marehemu, huwapata watoto wengi waliofiwa, wala si wazimu. Kisha walifundishwa kutuliza mwili. Baada ya hayo walifundishwa majina ya hisia na namna ya kuzipima. Mtoto ambaye neno lake lilikuwa moja tu, "vibaya," alijifunza kupambanua: hii ni huzuni, hii ni hofu, hii ni hasira, hii ni aibu. Ndipo wakaonyeshwa kwamba wazo huzaa hisia, na hisia huzaa tendo. Mwisho, kila mtoto akiwa peke yake na mshauri wake, alisimulia kifo cha mzazi wake kadiri alivyoweza, na mawazo ya uwongo yaliyokwama humo yakatolewa.

Mawazo gani ya uwongo? Mtoto mdogo akifiwa, mara nyingi hudhani yeye ndiye sababu. "Nilikataa kumchotea mama maji, ndiyo maana akafa." Wazo hilo halimwambii mtu, hulala nalo na kuamka nalo. Sisi watu wazima twaona ukaidi wake tu, na kutojua masomo yake, na kugombana na wenzake. Tukamwadhibu kwa moshi, na moto hatuuoni.

Katika jaribio hilo la kwanza huzuni na hofu za watoto zilipungua, na mwaka mmoja baadaye nafuu ilikuwa ingalipo. Walakini hapakuwa na kundi la pili la kulinganisha, kwa hiyo likafanywa jaribio kubwa zaidi, la watoto 640 wa miaka 7 mpaka 13, katika Moshi mjini na vijijini, na katika Bungoma, nchi ya Kenya, mjini na vijijini vile vile. Hapa Moshi kazi ilikuwa pamoja na shirika la TAWREF, na Bungoma na shirika la Ace Africa. Kwa kura, nusu ya watoto walipata tiba hiyo, na nusu wakapata misaada ya kawaida wapewayo mayatima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020.

Nitayaeleza kama yalivyo, bila ya kuyapamba. Tiba ilipokwisha, watoto walioipata walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao katika mahali patatu: Bungoma mjini, Bungoma vijijini, na Moshi mjini. Moshi vijijini hapakuonekana tofauti. Mwaka mmoja baadaye, Kenya tofauti ilikuwa bado ipo. Lakini Moshi watoto wa makundi yote mawili walikuwa wamepata nafuu kwa kadiri ilingananayo. Maana yake, tiba hii si muujiza, wala haishindi kila mahali na kila wakati. Lakini kwa mtoto aliyekuwa akiamka usiku kwa hofu, kuipata nafuu mapema si jambo dogo. Na jambo jingine kubwa limedhihirika: watu wa kawaida, wenye kufundishwa na kusimamiwa, waweza kuifanya kazi hii.

KUCHUNGUA SI KUJITAFUNA

Hapa pana hatari ambayo lazima niitaje, kwani vijana wengi huanguka ndani yake. Yuko mtu ajichunguaye, na yuko mtu ajitafunaye. Wote wawili hutazama ndani, lakini njia zao mbali mbali.

Ajitafunaye hulala kitandani akizungusha swali moja usiku kucha: "Kwa nini mimi? Kwa nini mimi?" Hasogei mbele. Mtaalamu wa Marekani, Susan Nolen-Hoeksema, aliwapima wanafunzi tabia hii kabla ya tetemeko la ardhi lililopiga California mwaka 1989. Baada ya tetemeko, wale waliokuwa na desturi ya kujitafuna ndio waliozidi kushikwa na huzuni.

Ajichunguaye huuliza ili apate jibu, na akilipata huinuka akatenda. Huuliza, "Nini hiki? Kimetoka wapi? Kweli yake ni ipi? Nifanye nini?" Mhasibu wa duka hahesabu shilingi zile zile mara mia, huhesabu, huandika, hufunga daftari, hulala. Basi kijana akiona hesabu yake haifungiki, kila usiku ni ile ile, na ajue ametoka katika muhasaba ameingia katika wasiwasi, na hapo amtafute mtu wa kuzungumza naye.

Njia moja iwafaayo wajuao kuandika ni kalamu. Mwaka 1986 James Pennebaker na mwenziwe waliwataka wanafunzi waandike habari ya jambo lililowaumiza, robo saa kila siku, kwa siku 4. Walipomaliza kuandika, nyoyo zao zilikuwa nzito zaidi kuliko kwanza. Lakini miezi iliyofuata, wale walioandika mambo na hisia zake pamoja walikwenda kwa mganga mara chache zaidi. Kidonda kikioshwa huwasha kwanza.

MASWALI YAULIZWAYO MAJUMBANI

Huenda msomaji akauliza: Je, mtu kusema huzuni yake si upungufu wa subira?

Jibu ni hapana. Nabii Yaakub (a.s.) alihuzunika kwa ajili ya Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, na Kurani inatueleza kwamba alisema wazi kuwa anayo huzuni na ya kuwa anaishitakia kwa Mungu, naye ndiye mwenye subira njema. Mtume wetu (s.a.w.) alitokwa na machozi juu ya mwanawe Ibrahim, akaeleza kwamba jicho hulia na moyo huhuzunika, lakini ulimi hausemi ila limridhishalo Mola. Tena katika dua zake alijikinga kwa Mungu na dhiki ya moyo namna mbili, hamm na hazan, ambazo wanavyuoni wamezieleza kuwa moja ni wasiwasi wa yajayo na ya pili ni huzuni ya yaliyopita. Mbili hizo hakuzifanya kitu kimoja. Subira ni kuuzuia ulimi na mikono isifanye maovu. Si kuukanusha moyo.

Na kisa cha sahaba Hanzala ni mafundisho makubwa. Alitambua kwamba awapo kwa Mtume moyo wake hulainika, na arudipo nyumbani kwa wake na watoto na mashamba, hali ile humtoka. Akaipa hali hiyo jina, akasema amekuwa mnafiki. Hakujifungia ndani; alimwambia Abu Bakari, naye Abu Bakari akakiri kwamba hali hiyo anaiona hata yeye. Wakaenda kwa Mtume (s.a.w.), naye akawatuliza kwamba mwanadamu huwa saa hivi na saa vile. Angalieni: hisia ilikuwa ya kweli, lakini jina alilolipa lilikuwa si lake. Lau angalinyamaza, jina hilo la uwongo lingalimwangamiza.

Mwingine atauliza: Je, kumweleza mshauri ubaya niliotendewa na baba au mume wangu si kusengenya?

Wanavyuoni, na miongoni mwao Imamu Nawawi, wameeleza mahali ambapo kutaja kosa la mtu si haramu, kama vile kushitaki dhuluma na kutaka shauri la kisheria. Hind alimweleza Mtume (s.a.w.) ubahili wa mumewe Abu Sufyan ili apate hukumu, wala hakukemewa. Usengenyaji ni kusema kwa kupiga porojo. Kusema kwa mtu mwaminifu ili upate tiba si hivyo. Lakini sharti ni amana. Mshauri atoaye siri za watu barazani ameua tiba nzima.

Wa tatu atauliza: Je, haya yote si mambo ya majini, yatakayo kisomo tu?

Kisomo ni rehema, wala hakuna akukatazaye kumsomea mgonjwa wako. Lakini aliyevunjika mguu humsomea na kumpeleka hospitali akafungwe. Moyo nao ni hivyo hivyo. Mtu asikiaye sauti zisizokuwapo, au asiyelala siku nyingi, au asemaye kwamba heri afe, huyo asicheleweshwe kwa kafara na hirizi. Apelekwe kwa matabibu wa akili. Hapa kwetu wapo KCMC, na safari si ndefu.

Wa nne, naye mara nyingi ni kijana, atasema: Basi nikiisha kuijua hisia yangu, niifuate?

La. Kuijua hasira si kuitii. Mlinzi humtambua mgeni mlangoni ili aamue kumkaribisha au kumzuia. Asiyemtambua ndiye aingiliwaye na mwizi. Kwa hiyo Mtume (s.a.w.) alimfundisha aliyekasirika, akiwa amesimama, aketi, na huwezi kuketi kwa ajili ya hasira mpaka kwanza utambue kwamba umekasirika.

NYUMBANI TUFANYEJE

Kwanza, tusiwadanganye watoto juu ya mauti. Katika misiba yetu ni desturi kumpeleka mtoto kwa jirani siku ya maziko, na akiuliza akaambiwa, "Mama amesafiri." Mtoto hungoja. Hutazama njia kila basi lipitapo. Na siku ajuapo kweli, hupotewa na vitu viwili: mama yake, na imani yake kwa waliobaki. Aambiwe kwamba mama amekufa, kwa maneno mepesi, kifuani kwa ampendaye, na aruhusiwe kumwombea dua pamoja na wakubwa.

Pili, tuwape watoto maneno. Badala ya, "Nyamaza, mwanamume halii," mzazi aseme, "Naona una huzuni, mwanangu, au ni hasira?" Mtoto atachagua. Na akichagua, tusimwambie kwamba hana sababu ya kuhuzunika.

Tatu, tusikilize mpaka mwisho kabla ya kutoa mawaidha. Sisi walimu na wazee twapenda mawaidha. Lakini waadhi uliotangulia kusikiliza ni kama kumwagilia shamba usilolijua limekauka wapi.

Nne, kila mtu, baada ya sala ya Isha, ajitengee dakika chache ajiulize: Leo nini kilinifurahisha? Nini kilinichoma? Nilitenda nini kwa sababu yake? Aliyedhulumu akaombe radhi, aliyedhulumiwa atafute haki au asamehe, kisha afunge daftari alale.

Tano, misikiti na madrasa zetu zijifunze kutokana na yaliyofanywa Moshi. Ikiwa watu wa kawaida waliweza kufundishwa kuwaongoza mayatima, kwa nini pasiwe na mama wawili watatu na walimu wawili watatu katika kila msikiti, waliofundishwa na wajuzi, watunzao siri, ambao mjane aliye edani na kijana aliyefeli mtihani waweza kuwaendea? Sisi tuna jamaa, tuna sala tano zitukutanishazo, na watoto wetu twawaona kila jioni kuliko atakavyowaona daktari yeyote. Mtoto aliyekuwa akisoma vizuri kisha ghafla akanyamaza, wa kwanza kumwona ni mwalimu wake. Basi na awe pia wa kwanza kumwuliza, kwa upole, na fimbo ikiwa chini.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuziona nafsi zetu, na ndimi za kuuliza habari za wenzetu, na masikio ya kuzipokea. Wabillahi taufiki.